Simiyu: Hela ya Pamba Anaishika Nani?

Mkoa wa Simiyu bado mbichi. Ulizaliwa Machi 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatolewa Mwanza. Ila kuna ugomvi wa chumbani huko Bariadi, Maswa na Meatu uliouzidi umri mkoa wenyewe: nani anaishika hela ya pamba?

Hebu turudi nyuma kidogo. Watu wa Ntuzu, iliko Bariadi ya leo, walikuwa na watemi wao, na utajiri ulihesabiwa zizini. Mkoloni akaja na kodi, na kodi alitaka fedha taslimu. Mjerumani aliileta pamba, Mwingereza akaikazania baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ikawa afadhali: unalipa kodi bila kugusa ng'ombe. Hela ikibaki, mzee ananunua ng'ombe wengine, ng'ombe wanakwenda mahari, anakuja mke wa pili na jembe lake, shamba linapanuka. Umeuona mzunguko huo, dada? Kaka zangu mtanisamehe, lakini hapo mke alikuwa mtaji.

Akina baba nao walipunjwa, tena mchana kweupe, kwenye mizani ya wanunuzi. Ndipo akina Paul Bomani wakahimiza wakulima wapime pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vikaungana kuwa VFCU. Mizani ikanyooka. Ndani ya nyumba, kimya.

Uhuru ukaja 1961, utemi ukafutwa 1963, vikaja vijiji vya ujamaa, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, wanunuzi binafsi wakarudi miaka ya 1990. Yote hayo mama yuko palepale, anapalilia.

Kilichomgusa yeye kilitoka kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikasema hata kazi za nyumbani ni mchango. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe iligonga mwamba, lakini mlango ulishafunguka. Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: mwanamke ana haki sawa ya kumiliki.

Leo Simiyu ina watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022, na ni kati ya mikoa inayoongoza kwa pamba nchini. Mshiko ukiingia, wapo wanaopotelea mjini wiki nzima na kurudi na pikipiki ambayo mama hakuulizwa. Wengine wanarudi na mke mdogo!

Soko hufunguliwa kwa kawaida Mei. Kaeni chini Aprili, mkiwa bado hamna hata senti ya kugombania, mpange ada, chakula na mbegu. Kisha nendeni ofisi ya kijiji mkaulize hati ya hakimiliki ya kimila. Inaruhusiwa kuandikwa majina mawili.