Mfupa wa taya ukiliwa na ugonjwa wa fizi, je, unaweza kurudi?

UNAPOPIGA mswaki asubuhi na kutema mate yenye damu, huenda ukadhani kosa ni la brashi ngumu. Miaka inapita. Siku moja unauma hindi la kuchoma na kuhisi jino limecheza. Daktari wa meno anakupiga picha ya eksirei, anaiweka kwenye mwanga na kukuonyesha: mahali ambapo mfupa wa taya ulipaswa kulishika jino pana kivuli cheusi. Mfupa umeliwa.

Hapo wengi wetu husikia neno moja tu: ling'olewe. Na kwa muda mrefu hata madaktari waliofundishwa vyema walishikilia kwamba ugonjwa wa fizi unaweza kusimamishwa, lakini mfupa uliokwisha kwenda umekwenda. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiijaribu kauli hiyo kwa wagonjwa halisi, wanaogawanywa kwa makundi na kupimwa kwa milimita. Jibu walilolipata si la kukata tamaa, ingawa pia si lile linalotangazwa na wauzaji wa dawa.

UKOGA NA UGAGA

Chanzo cha maradhi haya ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona. Hadi hapo hakuna mfupa uliopotea.

Ukoga usipoondolewa huganda na kuwa ugaga, mfano wa ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika la kuchemshia maji ya kisima. Bakteria hujificha chini yake, kati ya ufizi na jino, na mwili hupeleka askari wake kupigana nao. Ajabu ni kwamba bakteria hao hawautafuni mfupa. Ni kinga ya mwili yenyewe ambayo, katika vita visivyokwisha, huamsha seli za kuvunja mfupa, kana kwamba mwili unarudi nyuma na kumwachia adui uwanja. Nafasi inayobaki kati ya ufizi na mzizi wa jino huitwa mfuko. Daktari huupima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita.

Je, kila anayetoka damu atapoteza meno? La. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, karibu watu wazima wote waliochunguzwa walikuwa na fizi zinazotoka damu, na bado wengi wetu tunatafuna. Utafiti wa Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji uliochapishwa mwaka 1988 uliwapima watu 1,131 wa Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na ugaga ulikuwa kila mahali, lakini uharibifu mkubwa wa kinachoshikilia meno ulirundikana kwa watu wachache. Huko Sri Lanka wafanyakazi 480 wa mashamba ya majani chai, ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno, walifuatiliwa kati ya 1970 na 1985. Asilimia 8 kati yao waliharibikiwa haraka sana, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakupita hatua ya kuvimba fizi. Majaribio tutakayoyaeleza hapa yanawahusu hasa wale walioharibikiwa zaidi.

MAGUGU KABLA YA MAHINDI

Mfupa wa mguu ukivunjika huunga. Kwa nini basi wa taya usirudi baada ya ugaga kuondolewa? Mwaka 1976 mtafiti A. H. Melcher alitoa maelezo ambayo mkulima yeyote atayaelewa. Baada ya jino kusafishwa hadi mzizini, aina kadhaa za seli hushindania nafasi ile tupu. Seli za ngozi ya ufizi ndizo zenye mbio. Huteremka na kuufunika mzizi kama magugu yanavyolifunika shamba kabla mahindi hayajachipua. Seli za mfupa, na zile za nyuzi zinazofunga jino kwenye taya, huchelewa na kukuta nafasi imekwisha chukuliwa. Kidonda kimepona, ila jino halijashikwa.

Kama ni hivyo, basi magugu yazuiwe. Hilo ndilo lililofanywa na Sture Nyman, Jan Lindhe, Thorkild Karring na Harald Rylander nchini Sweden. Katika ripoti yao ya mwaka 1982 walieleza jinsi walivyoufunua ufizi wa mgonjwa mmoja, wakausafisha mzizi wa jino la mbele la chini, kisha wakaweka kipande cha karatasi ya kuchujia ya maabara katikati ya ufizi na mzizi kabla ya kushona. Baada ya miezi mitatu jino hilo lilitolewa pamoja na sehemu iliyolizunguka na kuchunguzwa kwa hadubini. Nyuzi mpya zilikuwa zimeota na kujishikiza kwenye mzizi uliokuwa uchi. Lilikuwa jino moja tu la mtu mmoja, lakini kauli ya kwamba kilichokwenda hakirudi ilikuwa imepata ufa.

Tangu wakati huo vizuizi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa vitu vingi, vingine vikiyeyuka vyenyewe mwilini. Udhaifu wake ni kwamba vikijitokeza nje ya ufizi huingiwa na bakteria, na kazi yote huharibika.

PROTINI YA MENO YA NGURUWE

Njia ya pili ilitoka pia Sweden. Lars Hammarström aligundua kwamba protini zinazojenga ganda la nje la jino changa huhusika pia katika kuujenga mzizi na kinachoushika. Protini hizo zikachukuliwa kutoka kwa meno machanga ya nguruwe, zikatengenezwa kuwa uji mzito unaopakwa kwenye mzizi wakati wa upasuaji. Huuzwa kwa jina la Emdogain. (Msomaji ambaye dini yake inamkataza nguruwe ana haki ya kumuuliza daktari mapema dawa imetoka wapi, na kushauriana na viongozi wake. Vizuizi na unga wa mfupa pia hutoka kwa wanyama mbalimbali.)

Jaribio la Lars Heijl na wenzake, lililotolewa mwaka 1997, linafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu lilipangwa vizuri. Wagonjwa walikuwa 33. Kila mmoja alikuwa na mashimo ya mfupa katika sehemu mbili za kinywa. Upande mmoja ulipakwa protini, wa pili ukapakwa uji usio na protini. Yaani mtu alilinganishwa na nafsi yake: chakula kile kile, mswaki ule ule. Baada ya miezi 36 picha za eksirei zilionyesha mfupa umeongezeka kwa milimita 2.6 upande wa dawa. Upande wa pili ulibaki karibu pale pale.

Milimita 2.6 ni kidogo kuliko unene wa sarafu mbili, lakini kwa jino linalocheza ni mali. Hata hivyo, kipimo cha pili hakikuvutia hivyo. Kina ambacho ufizi ulikuwa umejishika upya kwenye jino kiliongezeka kwa milimita 2.2 upande wa dawa na 1.7 upande usio na dawa. Kumbe upasuaji na usafi peke yake ulifanya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 2009 jopo la Cochrane lilipoyakusanya majaribio yote ya dawa hii lilikuta faida ya wastani wa milimita 1.1. Yalipohesabiwa yale yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi tu, faida ikashuka hadi milimita 0.62. Jopo halikupata ushahidi kwamba meno mengi zaidi yaliokolewa.

Ndiyo maana kundi la kulinganishia lina umuhimu. Ukiambiwa dawa fulani “imejaza nusu ya shimo”, swali la kwanza ni: na wale ambao hawakuipata, lao lilijaa kiasi gani? Huko Bangalore, India, A. R. Pradeep na wenzake walijaribu njia isiyo ghali. Damu ya mgonjwa mwenyewe huzungushwa kwa kasi katika mashine, na utando mzito unaopatikana hutiwa kwenye shimo la mfupa. Katika jaribio moja la mwaka 2011 mashimo yalijaa kwa asilimia 48, na ya kundi lisilopata utando huo asilimia 2 tu. Katika jingine la mwaka uo huo yalijaa kwa asilimia 47, lakini ya kundi la pili nayo yalijaa kwa asilimia 29. Utando ni ule ule, ila faida inayoonekana ni tofauti sana.

VICHOCHEO NA SELI

Nchini Marekani vituo 11 viliwashirikisha wagonjwa 180 katika jaribio la kichocheo cha ukuaji kinachopatikana kwa kawaida katika chembe za kugandisha damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Baada ya miezi sita mfupa uliongezeka kwa milimita 2.6 kwa waliopata kichocheo, na 0.9 kwa wasiopata. Dawa iliidhinishwa mwaka huo huo. Japani ilifuata kichocheo kingine kwa subira ya miaka mingi. Mwaka 2011 walitangaza jaribio la watu 253, kisha mwaka 2016 jingine la zaidi ya 300 ambalo mashimo yalijaa kwa asilimia 37 dhidi ya 22. Idhini ya serikali ikatolewa mwaka huo.

Huko Michigan wagonjwa 40 walipewa upasuaji wa kawaida, na nusu yao wakadungwa sindano ya teriparatide kila siku kwa majuma sita. Hii ni dawa ya homoni inayotumiwa kwa wenye mifupa dhaifu. Baada ya mwaka, kulingana na ripoti ya 2010, waliodungwa walikuwa wamerudisha asilimia 29 ya mfupa, wenzao asilimia 3. Tofauti ni kubwa, lakini watu 40 ni wachache mno kuwa msingi wa tiba ya ulimwengu.

Na zile seli shina zinazosifiwa sana? Huko Xi'an, Uchina, wagonjwa 30 walishiriki. Baadhi yao walitolewa seli kutoka kwa nyuzi za meno yao wenyewe, zikakuzwa maabarani hadi zikawa utando, zikarudishwa kinywani pamoja na unga wa mfupa. Wengine walipata unga peke yake. Ripoti ya 2016 ilisema tiba hiyo haikuleta madhara. Mfupa uliongezeka kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hivyo anayekuuzia leo seli shina za fizi kwa bei ya gari anakuuzia kitu ambacho bado kiko katika majaribio.

SHIMO LA NAMNA GANI?

Jambo ambalo matangazo huliruka ni kwamba karibu majaribio haya yote yalichagua mashimo. Mfupa unaweza kuliwa kwa kina kando ya jino moja, ukaacha shimo jembamba lenye kuta, kama kisima. Hapo dawa ina pa kukaa na damu ina pa kuganda. Lakini mfupa unaweza pia kushuka kote kwa pamoja, kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi. Kwa hali hii ya pili, ambayo ndiyo inayowapata wengi, hakuna kati ya njia hizi inayorudisha kimo kwa kutegemewa.

Sigara nayo ina hesabu yake. Maurizio Tonetti na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba baada ya upasuaji wa kizuizi, wasiovuta walipata wastani wa milimita 5.2 na wavutaji 2.1. Usafi ni zaidi ya hapo. Mwaka 1977 Nyman, yule yule wa karatasi ya kuchujia, aliwafuatilia wagonjwa 25 waliopasuliwa fizi lakini wakaachwa bila uangalizi wa usafi. Waliendelea kupoteza kinachoshika meno yao, njia yoyote ya upasuaji iliyotumika.

KUNG'OA AU KUTONG'OA

Swali la mgonjwa kwenye kiti si la milimita. Anataka kujua: jino langu litabaki? Jaribio lililojaribu kulijibu moja kwa moja ni la Pierpaolo Cortellini na wenzake wa Italia. Walichukua wagonjwa 50 wenye meno ambayo mfupa wake ulikuwa umeliwa hadi ncha ya mzizi, meno ambayo karibu daktari yeyote angeyang'oa. Kwa kura, 25 waling'olewa na kuwekewa meno ya bandia yasiyotoka. Wengine 25 walifanyiwa upasuaji wa kurudisha mfupa.

Katika mwaka wa kwanza meno mawili ya kundi hili yalishindikana, yakang'olewa. Baada ya miaka 10, kwa mujibu wa ripoti ya 2020, meno 22 kati ya 25 yalikuwa bado kinywani. Meno ya bandia ya kundi la kwanza yalikuwa yamebaki yote, lakini kwa gharama kubwa zaidi kuliko ya kuyaokoa yale ya asili. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa uangalifu, walirudi kusafishwa mara kwa mara kwa miaka yote 10, na waliowapasua ni mabingwa wa kazi hiyo. Watafiti wenyewe waliandika kwamba ugumu wa upasuaji huo unazuia usienee kila mahali.

Hivyo ukiambiwa jino lako halina mfupa, omba uonyeshwe picha. Uliza kama kilichopo ni shimo au ni mteremko, jino lina mizizi mingapi, na kama kuna bingwa wa fizi anayeweza kulitazama kabla koleo halijashikwa. Baadhi ya meno yatang'olewa tu. La pembeni yake, ambalo leo linatoka damu lakini halijacheza, kwa kawaida hutibiwa kwa ganzi, kukwanguliwa ugaga na mswaki wa kila siku.