Daka, Baraza na Vidato: Mandhari ya Mbele ya Nyumba na Msamiati Wake

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hata hivyo, kabla mgeni huyo hajafika sebuleni, hupita mahali ambapo wanafunzi wa lugha hawajapatazama vya kutosha: ngazi za nje, baraza na kipande cha ardhi kinachovizunguka. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi sehemu hiyo inavyopangwa, na kuonyesha kwamba msamiati wake ni hazina ambayo Kiswahili kimeichota mara nyingi, ingawa wajenzi wa leo wanaanza kuisahau.

Mfano bora unapatikana katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Nyumba zake kongwe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Mbele ya mlango mkuu pana daka, yaani kiukumbi cha nje chenye kivuli, ambacho aghalabu huinuliwa juu ya kichochoro kwa kidato kimoja au zaidi. Pande zake mbili zina mabaraza ya mawe. Hapo jirani huketi, habari hupashwa na mgeni hupokelewa bila kuvunja sitara ya ndani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mabaraza huandama kuta za nje, na mvua kubwa inapojaza maji vichochoroni, wapita njia hutembea juu yake. Kiti kimekuwa pia njia.

Ni kutokana na mahali hapa ambapo lugha imejenga asasi zake. Baraza la kuketi limezaa Baraza la Mawaziri, baraza la chifu na hata Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka wa 1967. Kidato cha ngazi ndicho hicho hicho anachopanda mwanafunzi wa shule ya upili. Ukumbi wa kupokelea wageni umekuwa ukumbi wa mihadhara, nacho kizingiti cha mlango kimekuwa kikwazo cha kila aina katika kurasa za magazeti. Anayesema maneno haya bila kuijua nyumba yake hutumia sitiari asiyoiona.

Sasa tugeukie bara. Katika mitaa mipya ya Nairobi, Nakuru au Eldoret, baadhi ya nyumba hujengewa mabaraza ya mbao na ngazi za kushukia bustanini. Mambo matatu hayana budi kuzingatiwa.

Kwanza ni maji. Ardhi iinamie nje, ikishuka takriban sentimita 5 kwa kila mita, ili maji ya masika na ya vuli yasituame msingini. Mbao za baraza ziachiwe nafasi ndogo baina yake ili maji yapenye, na nguzo zisimame juu ya saruji, si juu ya udongo, kwa hofu ya mchwa na uozo. Panapo udongo mweusi, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, ngazi isiyo na msingi imara huachana na nyumba baada ya misimu michache.

Pili ni vidato vyenyewe. Kimo cha kila kidato kiwe kati ya sentimita 15 na 18, na upana wa kukanyagia usipungue sentimita 28. La muhimu zaidi ni kwamba vyote vilingane, kwa maana mguu hukariri kimo cha kidato cha kwanza na hujikwaa pale kinapobadilika. Kwa mzee au mtoto, tofauti ndogo yaweza kuleta mvunjiko wa nyonga au mkono.

Tatu ni mimea. Kandokando ya ngazi hufaa mimea mifupi: nyasi na mchaichai hushika udongo usimomonyoke, mrehani hutoa harufu unapopapaswa na nguo, nao mwasumini hunukia jioni watu wanapobarizi. Mti wa kivuli upandwe mbali kidogo. Mkuyu, kwa mfano, haufai kabisa karibu na ngazi, kwani mizizi yake huinua hata mawe.

Lakini mjenzi wa leo akiulizwa jina la kitu hicho cha mbao, hujibu "deki". Neno hili si geni katika Kiswahili. Lilishuka kutoka melini, na kwa wengi kupiga deki ni kusugua sakafu kwa maji. Melini kwenyewe pana neno sitaha pia. Je, pana haja ya kulibebesha deki maana nyingine ilhali "baraza la mbao" laeleweka na kila msemaji?

Suala hili si la istilahi pekee. Neno daka limehifadhi maarifa ya kivuli, ya maji na ya heshima ya mgeni. Likipotea, fundi atalazimika kuyatafuta upya maarifa hayo kwa gharama ya mwenye nyumba. Inawapasa wanafunzi wa Kiswahili waketi na mafundi wa Lamu, wayaandike majina ya kila jiwe na kila boriti, wangali hai wanaoyajua. Kikao hicho chaweza kuanzia papo hapo barazani.