Picha na Mickey: Kweli au Uongo?

Mpwa wangu alimfahamu Mickey Mouse kwenye ukuta wa chekechea, Tabata: kaptura nyekundu, sikio moja kubwa kuliko jingine, rangi imebanduka magotini. Alimzoea hadi akawa anamwamkia kila asubuhi. Familia ilipohamia Marekani akapelekwa Walt Disney World, kule Florida, akamkuta Mickey yuleyule amesimama kwa miguu yake, mrefu kama baba, anapunga mkono. Mtoto akajifunika kwa gauni la mama yake na hakutoka tena. Mwenye kamera nilikuwa mimi. Nilirudi na picha kumi na nne, zote za mgongo wa dada.

Tangu hapo nimepewa ushauri wa kila namna kuhusu kupiga picha kwenye bustani hizi za burudani. Mwingi unatoka kwa watu wanaoijua kamera ila hawamjui mtoto. Tuupime.

"Mtoto akilia, mgeuze aangalie kamera upesi, atazoea."

Uongo, na katika orodha hii hakuna uongo unaoharibu picha nyingi kuliko huu. Mtoto mdogo anaogopa kwa sababu ya haki kabisa: mbele yake kuna uso usiopepesa macho, usiosogeza mdomo, na mkubwa kupita kichwa cha mtu yeyote anayemjua. Ukimgeuza, unamwambia akipe mgongo kitu hicho hicho anachokiogopa. Wewe ungekubali?

Mwache atazame kwa mbali watoto wengine wakisalimiana na Mickey. Mama amtangulie, amshike mkono yule panya, mtoto aone kwamba mkono haukung'atwa. Mpiga picha naye asisimame pale wanaposimama wote, mkabala na mhusika. Foleni inapofikia kwenu, sogea hadi karibu na bega la mhusika, kamera ikimwelekea mtoto anayekuja. Hapo ndipo pana picha yenyewe: mdomo wazi, mguu mmoja umesita, mkono umekamata kanga ya mama. Mickey atatoka sikio tu au glavu moja nyeupe pembeni, na inatosha. Picha zake kamili zimejaa dunia nzima.

"Wahusika hawa hawasemi."

Nusu kweli. Wenye vichwa vya kuvaa, kama Mickey, Goofy na Pluto, kwa kawaida huwa kimya na husema kwa mikono na mwili. Wenye nyuso wazi, kina Cinderella na Tiana, wanazungumza, tena wanamuuliza mtoto maswali. Kwa hiyo wasiosema wapige wanapotenda, na wanaosema wapige mtoto anapojibu, sio wanapokuwa wamepanga mstari kama wachezaji kabla ya mechi. Tena kumbuka: aliye ndani ya kichwa kile anaona kwa upenyo mdogo. Mtoto akimjia ubavuni au chini ya tumbo, haonekani. Mlete kwa mbele.

"Jua kali ndiyo picha nzuri."

Uongo. Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tunalijua jua la utosini, linavyochimba mashimo meusi chini ya macho na pua. Orlando iko takriban digrii 28 kaskazini, na mwezi Juni jua lake la adhuhuri linakaribia kabisa utosi. Na kwa kuwa saa za huko husogezwa mbele majira ya joto, adhuhuri hiyo inaangukia karibu saa saba na nusu mchana, wakati ambao familia nyingi zimetoka kula na zinaanza kudai picha. Ingieni kwenye baraza, msimame ukingoni mwa kivuli mkiangalia nje. Au amkeni mapema.

"Flashi ni ya usiku."

Kwa sehemu kubwa, kinyume chake. Mwanga wa flashi unafifia haraka: ukienda umbali mara mbili, unabaki robo. Flashi ya simu haivuki mita chache, sasa kuimulika fataki iliyo juu ya kasri la bustani ni kuangaza kisogo cha mtu aliye mbele yako. Ndani ya vivutio vyenye giza unatakiwa kuizima kabisa. Lakini mchana, mtoto akiwa amevaa kofia na uso umezama kivulini, flashi ya kamera kwa mita moja au mbili inamrudishia macho yake.

"Kamera za siku hizi zinajipimia mwanga zenyewe."

Zinajipimia, ndiyo, ila hazijui unampenda nani. Kamera ikiona gauni jeupe la Cinderella na kuta za kasri, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi wa mwanao unazama. Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu Marekani zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley, na ngozi zetu zilitoka zitakavyotoka. Mambo yamebadilika; mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakiitangaza kwa kuonyesha vizuri zaidi ngozi nyeusi. Hata hivyo usiiachie simu peke yake. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha kwenye simu nyingi utaona alama ya jua: isukume juu kidogo. Kasri likipauka, lipauke. Halikuja kupigwa picha hilo.

"Ili kasri litoke lote, familia isimame chini yake."

Uongo, na hapa nawasema ndugu zangu: tunapenda picha ya kuanzia utosini hadi viatuni, mnara wote nyuma, matokeo yake watu wanakuwa sisimizi. Fanya kinyume. Familia ije karibu na kamera, hata ikatwe kiunoni, kasri libaki mbali nyuma. Majengo yale yenyewe yamejengwa kwa hila ya macho: kadiri unavyopanda juu, vipimo vinapungua, ndiyo maana kasri la Disneyland ya California, lenye takriban mita 23 tu, linaonekana refu kuliko lilivyo. La Florida lina kama mita 58, nalo limetazama kusini. Maana yake wanaoligeuzia mgongo wanalitazama jua siku za baridi linapokuwa chini. Mkikunja nyuso, mjue sababu.

"Mpiga picha wa bustani akikupiga, lazima ulipe."

Uongo kwa bustani za Disney za Marekani. Picha ya kamera yake inauzwa, lakini ukimpa simu yako anakupiga bure. Mpe. Bila hivyo, baba aliyebeba kamera kutwa atakuwa hayumo kwenye safari yake mwenyewe.

"Fimbo ya selfi haina shida."

Ina shida, imepigwa marufuku huko tangu 2015. Droni usithubutu. Tripodi ndogo inayoingia kwenye mkoba inaruhusiwa.

"Mickey sasa ni wa umma, naweza kuchapisha picha yetu kwenye fulana nikauza."

Hapana. Kilichotoka kwenye hakimiliki Marekani tarehe 1 Januari 2024 ni Mickey wa filamu ya *Steamboat Willie* ya mwaka 1928, yule asiye na rangi wala glavu. Huyu wa kisasa aliyemkumbatia mwanao bado analindwa, na alama ya biashara ni suala jingine tena. Picha ya albamu ya nyumbani haina tatizo. Ya biashara inataka ruhusa. Kwa walioko Ulaya wanaokwenda Disneyland Paris: sheria ya Ufaransa inampa mtu haki juu ya sura yake, kwa hiyo mtoto wa jirani wa foleni aliyeingia katikati ya picha usimrushe mtandaoni bila wazazi wake kuridhia.

"Zikiwa kwenye simu ziko salama."

Uongo mtupu. Kabla hamjapanda ile boti inayoporomoka majini, zitume kwa mtu mwingine, hata kama ni shemeji aliyebaki hotelini. Na mkirudi, chapisheni moja mumpelekee bibi. Hana simu janja, na Mickey wa Tabata anamjua.