Shepu ya kwenye simu, vidonge visivyo na jina

Mama alimleta binti yake wa miaka 17 akidhani ana mimba. Uso ulikuwa umejaa na kuwa wa duara, tumbo limetokeza, lakini miguu na mikono ni myembamba. Kipimo kilionyesha hana mimba. Nilimwomba mama atusubiri nje, ndipo binti akatoa kwenye mkoba kimfuko cha plastiki chenye vidonge visivyo na jina.

"Ni vya kuongeza hipsi, dokta," alisema kwa sauti ya chini.

Aliviona Instagram, kwenye tangazo lenye picha mbili za msichana mmoja, kabla na baada. Alikuwa amevimeza miezi mitatu.

Vidonge vya namna hii mara nyingi huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, au deksamethasoni, steroidi kali tunayoitumia kwa magonjwa mazito. Wakati mwingine huwa na zote mbili. Steroidi haijengi nyonga. Hulundika mafuta usoni, shingoni na tumboni huku ikipunguza misuli ya mapaja. Pia hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa na kinga. Binti huyu alikuwa akilipia kinyume kabisa cha alichoahidiwa.

Mzazi ukivikuta, usivitupe chooni kwa hasira. Mtu akitumia steroidi kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulala, maana mwili unapata homoni hiyo kutoka nje. Akiacha ghafla anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka mpaka akazimia, hata kufa. Mlete hospitali, na vidonge vyenyewe uje navyo. Dozi itapunguzwa kidogokidogo.

Binti alikubali mama aitwe ndani. Mama aliposikia yote aliuliza, "Nani kamwambia mwanangu ana kasoro?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Nilimsimulia habari za Fiji, nchi ambako mwili mnene ulisifiwa tangu enzi za mababu. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Wakati huo hakuna msichana hata mmoja kati ya wanafunzi waliohojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 watafiti hao, wakiongozwa na daktari Anne Becker wa Marekani, walirudi na kukuta asilimia 11 wakifanya hivyo. Wao walitaka kukonda, wa kwetu wanataka hipsi. Inategemea siku hizo picha inauza nini.

Binti alikuwa kimya, kisha akasema tangazo halikuwa la kwanza. Kabla yake kulikuwa na shangazi aliyezoea kumwita "ubao" mbele ya wageni, na watu wakacheka. Mama aliinamisha kichwa. Nadhani naye alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Sasa anakuja kliniki kila baada ya wiki mbili. Uso umeanza kurudi. Michirizi ya tumboni itafifia, ila haitaisha yote, na hilo nimemwambia.