Picha ya kifua isiyooshwa kwa maji

Filamu ya eksirei ina kiu. Ikishapigwa mionzi huingizwa kwenye chumba cha giza, ikachovywa katika dawa mbili, ikaoshwa kwa maji safi yanayotiririka, kisha ikaanikwa ikauke. Kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, kuanzia Baraka hadi rasi ya Ubwari, kipindupindu hurudi mara kwa mara kwa sababu maji salama ni haba ilhali ziwa liko mlangoni. Kuiwekea hospitali ya huku chombo kinachogombania maji hayo na wagonjwa ni kuiongezea mzigo. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika yote ambayo fizikia ya chembe imeipa tiba, linaloihusu Fizi zaidi si mitambo mikubwa ya miji mikuu. Ni kigunduzi, yaani kile kibao kinachoipokea mionzi na kuigeuza umeme papo hapo.

Wanafizikia nao walianza kwa filamu. Walipiga picha za njia za chembe kwa maelfu, halafu watu wakakaa wakizikagua kwa macho, moja baada ya nyingine. Mwaka 1968 Georges Charpak, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitandaza nyaya nyembamba ndani ya gesi. Chembe ikipita hung'oa elektroni, waya ulio karibu hupata mshtuko mdogo wa umeme, na kompyuta huandika mahali na wakati. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Baadaye aliielekeza hospitalini, na vigunduzi vyake vya gesi vikazaa mashine ya EOS, inayompiga mgonjwa picha akiwa amesimama, kwa mionzi kidogo. Faida yake huonekana hasa kwa mtoto mwenye uti wa mgongo uliopinda, ambaye lazima apigwe picha tena na tena. Baada ya gesi ikaja silikoni. Chipu ya Medipix, iliyotokana na vigunduzi vya CERN, ina vijisanduku 256 kwa 256, kila kimoja kikiwa na upana wa maikromita 55, na kila kijisanduku huhesabu fotoni moja moja kikipima nguvu yake. Mvuvi anayejua uzito wa kapu tu hawezi kusema lina ndagala wangapi na mikebuka wangapi. Anayehesabu samaki mmoja mmoja anaweza. Filamu hujua kapu, Medipix hujua samaki, na kwa hiyo hutenganisha mfupa na dawa ya iodini ambavyo kwenye filamu vyote ni weupe mtupu. Mwaka 2018, huko New Zealand, Phil Butler na mwanawe Anthony walionyesha picha za rangi za mwili wa mtu aliye hai, mojawapo ikiwa ya kifundo cha mkono wa Phil mwenyewe, saa ikiwa bado imevaliwa.

Nisidanganye: vibao vya dijitali vinavyobebwa leo hadi vijijini, pamoja na mashine ndogo za betri, kwa kawaida si watoto wa CERN. Vingi hupima jumla ya mionzi, havihesabu. Lakini mantiki ni ileile, na matunda yake yako karibu: picha huonekana baada ya sekunde chache, bila dawa wala ndoo ya maji. Linganisha na PET, upigaji picha unaotegemea dawa yenye mionzi anayodungwa mgonjwa, ambao nao ulipita CERN, ambako David Townsend na Alan Jeavons walipiga picha ya panya mwaka 1977. PET ya kawaida hutumia florini-18, ambayo nusu yake huisha kila dakika 110. Baada ya saa 11 za barabara na boti, hubaki sehemu moja kati ya 64. Hakuna ujanja wa kuifikisha Ubwari.

Atakayesema kwamba watu wa Fizi wanahitaji kwanza maji, barabara na amani, hajakosea. Ila kifua kikuu hakisubiri barabara, na chombo kisichonywa maji hakiyapunguzi. Mwingine atauliza nani atasoma picha pasipo mtaalamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Watoto, basi, bado wanahitaji jicho la daktari, na hilo ni pengo kubwa. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la fundi. Mtumbwi ukitoboka huzibwa ufukweni. Kibao kikipasuka hakizibwi Baraka wala mji jirani wa Uvira. Kwa hiyo mfadhili atakapokuja na mashine, viongozi wa afya wa Fizi wamuulize habari ya betri, kibao cha akiba na mafunzo ya fundi kabla ya kutia sahihi. Akileta katoni za filamu, arudi nazo.