Habari Ziingiazo Nyumbani: Tuchague Wenyewe

  

Ndugu Waislamu, hapa Kisesa, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, tumepata kuishuhudia nyumba moja ikiamka mafungu mawili. Baba alikuwa amekwisha kunywa chai akiamini kuwa ni Idi, kwani usiku aliletewa ujumbe katika simu uliosema kuwa mwezi umeonekana. Mama na watoto walikuwa wamefunga, kwa kuwa hawakusikia tangazo lolote. Ujumbe ule haukutaja aliyeuona mwezi, wala mji, wala tarehe. Ulipofuatiliwa, ilibainika kuwa ni wa mwaka uliotangulia. Baba akabaki na deni la siku moja ya Ramadhani, na nyumba ikabaki na maneno.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu fasiki kabla hatujaifanyia kazi. Wanazuoni wa Hadithi waliifuata amri hiyo kwa elimu kamili: hawakuyakubali maneno mpaka wajue nani kayapokea kwa nani. Sisi leo twapokea yasiyo na isnadi, na kabla hatujamaliza kuyasoma tumekwisha kumtumia mwingine.

Si kwamba intaneti yenyewe ni shari. Kosa letu ni kuwaachia wengine watuchagulie. Mitandao ya kijamii hutanguliza mbele ya macho yetu kile inachokisia kuwa kitatuzuia tusiondoke, kwani hupata fedha kwa matangazo tunayoyaona. Kweli na uzushi huja kwa mlango mmoja.

Ipo njia nyingine, nayo ni programu ya kusomea milisho. Tovuti nyingi huandaa orodha ya makala zake mpya, iitwayo mlisho, ambayo programu huweza kuisoma. Wewe huziandikisha mara moja tovuti unazoziamini. Programu huzipitia na kukuletea makala mpya mahali pamoja, kila moja ikiwa na jina la tovuti yake na, aghalabu, tarehe. Ni mfano wa mtu mwenye sanduku la posta: hazunguki nyumba kwa nyumba kuuliza habari, bali barua humfikia kutoka kwa wale aliowapa anwani.

Utaratibu huu, ujulikanao kwa herufi RSS, ulianzia Marekani mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape. Google Reader, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilipofungwa Julai 2013, wengi walidhani umekufa. Haukufa. Feedly na Inoreader ziliendelea na kazi hiyo, na hata vipindi vya sauti, zikiwemo darsa, husambazwa kwa milisho. Tena maandishi hayali bando kama video.

Basi familia ikae pamoja baada ya Isha. Baba ataje tovuti za kilimo au biashara, mama ataje za afya au malezi, watoto wataje za masomo yao. Kumi zatosha, mwenye mia hatazisoma. Isiyo na faida iondolewe, kwani wakati ni neema ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu wengi hupata hasara ndani yake.

Lakini tusijidanganye: programu haiugeuzi uongo kuwa kweli. Hutujulisha tu ni nani aliyesema, na kumwamini au kutomwamini ni juu yetu. Hukumu za dini tuwaulize wenye elimu, na mwezi tungoje tangazo la wenye dhamana.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumefahamishwa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie jibu jema siku hiyo. Amin.