Kache na Upana wa Njia katika Lugha ya Kompyuta

Katika maandishi ya Kiswahili juu ya kompyuta, neno "kasi" hutumiwa kwa mambo mawili yasiyo sawa: muda wa kungoja data ya kwanza ifike, na wingi wa data ipitayo njiani kwa sekunde moja. Jambo la pili tutaliita upana wa njia. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kuwa asiyeyatenga hayo mawili hawezi kuelewa kazi ya kache.

Tuchukue mfano wa Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi uingiapo Ziwa Tanganyika, ambapo kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko. Kivuko kikubwa huchukua shehena nyingi kwa safari moja, lakini hakimpunguzii muda wa kungoja yule aliyekuta kimekwisha kuondoka. Kwa hiyo mwenye duka wa ng'ambo huweka akiba ya chumvi na sabuni, asije akavuka kila aulizwapo. Mnunuzi ni prosesa. Rafu ya duka ni kache. Ghala la ng'ambo ya pili ni kumbukumbu kuu.

Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza wazo hili, akaiita "kumbukumbu mtumwa". Mwaka 1968 IBM ilitangaza kompyuta yake System/360 Model 85 yenye kache. Neno hilo latokana na Kifaransa, kwa maana ya kuficha. Lakini kulitafsiri "maficho" ni kupotosha, kwani sifa yake kuu ni ukaribu.

Akiba nayo ina gharama. Kache huleta mstari mzima, ambao katika prosesa nyingi za leo ni baiti 64. Programu ikisoma namba za baiti 8 zilizopangwa mfululizo, mstari mmoja watosha maombi 8, wala njia haibebi kitu cha bure. Namba zikitawanyika, kila moja katika mstari wake, maombi 100 yanayohitaji baiti 800 hupitisha baiti 6,400. Hapo kache imeisonga njia badala ya kuipunguzia mzigo.

Kwa hiyo yafaa tuseme "kache", au "akiba ya karibu". "Muda wa kungoja" kwa kuchelewa. Na "upana wa njia" kwa wingi. Mwalimu asemaye tu ya kuwa kache huongeza kasi hajamwambia mwanafunzi ni kwa nini programu mbili zenye hesabu zile zile hutofautiana sana kwa muda.